Bunduki ya halali isifike mikono ya hatari: mwongozo wa nyumbani na kijijini, Tabora

Mfugaji wa Igunga mwenye ng'ombe mia zizini, mwenye duka la jumla Nzega anayefunga hesabu saa tatu usiku, mkulima wa Kaliua aliyepakana na pori: wote wana sababu ya kweli ya kutaka silaha, na sheria imewawekea mlango wa kuiomba. Mlango huohuo unatakiwa umzuie mume anayempiga mkewe, mlevi asiyejizuia, na kijana anayetafuta bunduki ya kuwakodisha majambazi. Mlango huo una komeo mbili. Ya kwanza ni kikao cha kijiji kinachojadili ombi. Ya pili ni ufunguo wa kabati la silaha. Polisi wana mafaili, lakini anayejua nani alimkimbiza nani kwa panga mwezi uliopita ni jirani, na anayejua ufunguo unakaa wapi ni mtoto wa nyumba ile. Ndiyo maana tumeandika zaidi kuhusu mambo hayo mawili.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtu wa fujo, asiwe ametawaliwa na pombe wala dawa za kulevya, na awe anajua kuitumia silaha kwa usalama. Leseni hulipiwa kila mwaka. Katiba yetu haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Ni ruhusa ya dola, na inaweza kuondolewa. Wapo wanaosema kumzuia mtu mmoja wa hatari ni kuwaonea wenye silaha wote. Watazame Marekani, ambako haki hiyo imo ndani ya Katiba tangu mwaka 1791. Hata huko, mwezi Juni 2024, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Rahimi, majaji 8 dhidi ya 1, kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio kwa mwenza wake anaweza kuzuiwa kuwa na silaha wakati amri hiyo ipo. Jimbo la Connecticut lina sheria tangu 1999 inayowaruhusu polisi, kwa hati ya jaji, kuchukua kwa muda bunduki za mtu aliyeonyesha dalili za kutaka kuua au kujiua. Kama wao wameona hakuna mgongano kati ya haki na tahadhari, sisi wenye mfumo wa ruhusa hatuna sababu ya kusita.

Kikao cha kijiji

Barua ya ombi huanzia kijijini au mtaani, hupanda kata, wilaya na mkoa, kisha hufika kwa msajili wa silaha makao makuu ya Polisi. Huko juu kote wanaojadili hawamjui mwombaji kwa sura. Wanasoma kile kijiji kilichoandika. Muhtasari ukiwa mwepesi, kila kamati inayofuata inapitisha wepesi uleule, na mwisho wa safari mtu asiyefaa anakabidhiwa leseni yenye mihuri yote.

Tazama muhtasari wa namna hii: "Mwombaji ni raia mwema, hana tatizo lolote na jamii, kikao kimeridhia." Maneno haya hayamsaidii OCD (mkuu wa Polisi wa wilaya) hata kidogo, kwa sababu yanaweza kuandikwa kwa mtu yeyote. Muhtasari unaofaa unataja idadi ya wajumbe waliohudhuria, sababu ya ombi na kama imehakikiwa (duka limeonekana, ng'ombe wamehesabiwa), mashauri aliyowahi kuwa nayo mwombaji kwenye baraza la kata na tarehe zake, watu waliohojiwa, kura zilizokubali na zilizokataa, na sababu ya waliokataa. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Mjumbe ambaye ni ndugu wa mwombaji, au anayemdai, au anayegombania naye mpaka wa shamba, atoke nje wakati wa mjadala, na kutoka kwake kuandikwe.

Kazi kubwa ifanyike kabla ya kikao. Kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji iteue watu wawili, mmoja awe mwanamke, wapite kwa majirani wa pande zote na kwa watu wa nyumbani. Mke ahojiwe na mwanamke mwenzake, mahali ambapo mume hayupo na hatapita. Usimuulize "mnaishi vizuri?" Atajibu vizuri, kwa kuwa ndivyo kila mke alivyofundwa kujibu. Uliza mambo ya kuonekana kwa macho. Mara ya mwisho mlipogombana, alishika nini mkononi? Akirudi amelewa, watoto huenda wapi? Umewahi kulala kwa jirani au kwenu kwa kumwogopa? Amewahi kusema atakuua, au atajiua? Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya haya mawili ya mwisho linatosha kusimamisha ombi. Utafiti uliofanywa katika miji ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba mwanamke anayepigwa na mwenza wake yuko hatarini kuuawa zaidi ya mara 5 endapo mwanamume huyo anaweza kuipata bunduki. Jina la mke lisiandikwe kwenye muhtasari kama chanzo cha habari. Andika "taarifa kutoka kwa watu wa karibu", kisha maelezo kamili yapelekwe kwa mdomo kwa mkaguzi wa Polisi kata.

Kuna dalili moja ya mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa ambayo fomu hazina nafasi yake. Mwombaji anayemtuhumu jirani au mzee wa ukoo kwa uchawi, hasa baada ya msiba au ng'ombe kufa, asipewe silaha wakati tuhuma hizo bado za moto. Tumezika wazee wengi kwa sababu ya maneno kama hayo, na wengi waliuawa kwa panga tu. Anayeamini kwamba mtu fulani anamroga mwanawe anaweza kukuambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba anataka bunduki ya kujilinda.

Upande wa pili nao una hila zake. Fitina humnyima mtu mwema ruhusa: ugomvi wa kisiasa, wivu wa mali, deni la tumbaku. Kipimo ni tukio. Anayepinga aseme nini kilitokea, lini, na nani mwingine aliona. "Huyo mtu hatumpendi" si tukio. "Msimu wa kuuza tumbaku mwaka juzi alimchoma mkono mdogo wake kwa kisu pale godauni, na mtendaji alikuja" ni tukio, na linaweza kuhakikiwa kwa mtendaji. Mwombaji apewe nafasi ya kujibu kabla kura hazijapigwa. Akikataliwa, aambiwe sababu na anachoweza kurekebisha.

Lingine linalosahaulika ni siri. Ombi lisibandikwe kwenye ubao wa matangazo wala kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa jina na aina ya silaha. Wezi wa bunduki nao huhudhuria mikutano. Faili likae kabatini kwa mtendaji, na mihtasari isipigwe picha kwa simu. Na mwenyekiti anayepokea "ya soda" ili agonge muhuri ajue kwamba muhuri wake utabaki kwenye faili miaka yote ambayo bunduki ile itakuwa mtaani.

Kabati na ufunguo

Leseni imetoka. Kuanzia siku hiyo, mtu wa hatari hahitaji tena kupita kwenye kikao. Anahitaji kufika chumbani kwako.

Fundi wa kuchomelea atengeneze kabati la bati nene la chuma, lisilopungua milimita 3, lenye urefu wa kutosha bunduki kusimama wima. Bawaba zichomelewe kwa ndani. Zikiwa nje, mwizi hukata pini zake kwa msumeno wa chuma, akauacha mlango na kufuli lake zima. Kufuli la kuning'inia lifunikwe na kiboksi cha chuma, mkono uingie kwa chini, mtarimbo usipate pa kushika. Juu ya rafu weka sanduku dogo lenye kufuli lake, la risasi peke yake, na ufunguo wake usiwe kwenye pete moja na ule wa kabati.

Sasa ukuta, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Nyumba nyingi za vijijini kwetu ni za tofali za udongo, mbichi au zilizochomwa kidogo. Boliti ya kupanuka ikikazwa kwenye tofali la namna hiyo hulipasua kwa ndani. Kwa nje inaonekana imeshika, lakini ukivuta kabati kwa mikono miwili inatoka na vumbi lake. Ukuta wa zege au tofali za saruji zilizojazwa unafaa. Kama huna, achana na ukuta, funga kabati sakafuni. Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 40, simamisha ndani yake nondo nne za milimita 12 zilizotengenezwa uzi kwa juu na kukunjwa kwa chini, mwaga zege la kipimo cha saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, limwagiwe maji kwa siku 7, kisha kalisha kabati juu yake na kaza nati kwa ndani. Jaribio ni rahisi: watu wazima wawili wakilitikisa, lisicheze. Sanduku jepesi lisilofungwa popote humrahisishia mwizi kazi, kwa kuwa hubeba silaha, risasi na kasha la kubebea kwa mkupuo.

Ufunguo ukae mwilini mwako. Juu ya kizingiti, chini ya godoro, ndani ya kopo la sukari, kwenye mfuko wa koti la msibani: watoto wanapajua kote huko, na mtoto wa miaka kumi na minne mwenye marafiki wakubwa ndiye njia ya kawaida ya bunduki ya halali kwenda kufanya kazi haramu usiku na kurudi kabla ya alfajiri. Ufunguo wa akiba usikae nyumba hiyo. Mke, mtoto na mlinzi wa zizi hawana leseni ya silaha hiyo, kwa hiyo hawaruhusiwi kuishika hata kwa dakika tano za kukusogezea. Mlinzi anayehitaji silaha apatikane kupitia kampuni ya ulinzi yenye kibali.

Utajuaje kama bunduki imetoka bila wewe? Kata kipande cha karatasi, kiandike tarehe na sahihi yako, kigundishe kwa gundi ya karatasi kati ya mlango na fremu kila unapofunga. Kikichanika, umejua. Pili, daftari la risasi: tarehe, zilizonunuliwa, zilizotumika na wapi, zilizobaki. Hesabu kila mwezi kwa kuzimwaga mezani, usihesabu kwa kutazama boksi, kwani risasi iliyotolewa katikati ya boksi haionekani. Tatu, pua na kidole. Mtutu uliofyatuliwa una harufu kali ya baruti na masizi meusi yanayobaki kwenye kitambaa cheupe. Kama uliuacha una mafuta membamba na sasa kitambaa kinatoka cheusi, piga ripoti kituoni siku hiyohiyo, hata kama anayeshukiwa ni mwanao wa kumzaa. Ukikaa kimya na bunduki ikapatikana kwenye tukio, namba yake inakuelekeza wewe, na unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30.

Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya Tabora ina unyevu. Pitisha kitambaa chenye mafuta ya bunduki kila baada ya wiki mbili, na usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au wa turubai, kwani hushika maji na kuitia kutu chini chini.

Kuitoa risasi

Ajali nyingi za "nilidhani haina kitu" zina chanzo kimoja: mpangilio umegeuzwa. Kwa bastola au bunduki yenye magazini, magazini (kasha la risasi) hutoka kwanza, ndipo unapovuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, au bolti ya bunduki, kuitoa risasi iliyo chemba, yaani ile iliyokwisha kukaa mtutuni tayari kufyatuliwa. Ukianza na kuvuta, ile ya chemba inaruka nje, unaiona, moyo unatulia, na wakati huohuo ya pili imepanda kutoka kwenye magazini na kukaa mahali pake. Ukitoa magazini baada ya hapo, umeshika silaha iliyojaa. Kwa hiyo: mtutu uelekee mahali ambapo risasi haitamkuta mtu, kidole nje ya kifyatulio, magazini nje, vuta mara mbili, kisha tazama chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole. Shotigani ya kukunja ni nyepesi: ikunje, toa risasi zote mbili, tazama mwanga ukipita kwenye mitutu.

Gobore ni habari nyingine kabisa. Hujazwa kwa mdomoni, na kwa nje lenye kitu na lisilo na kitu yanafanana. Wenye gobore lililosajiliwa watumie mshindilio, yaani ufito wa kushindilia baruti, wenye alama. Likiwa tupu kabisa, pitisha ufito hadi mwisho, uchore alama pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Siku nyingine, alama hiyo ikibaki juu ya mdomo kwa vidole viwili au vitatu, kuna shindilio ndani. Fataki (kile kidude cha kuwashia baruti) ikitolewa hatari hupungua lakini haijaisha: baruti iliyokaa miaka kwenye mtutu mkavu bado inaweza kulipuka kwa cheche.

Leseni, tukumbushane, si kibali cha kuwinda. Nguruwe pori na tembo wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Tembo wakiingia shambani, piga simu kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya kuzunguka shamba itakufaa kuliko risasi ya shotigani, ambayo humjeruhi tembo na kumrudisha na hasira.

Nyumba inapobadilika

Mtu aliyefaa mwaka 2019 anaweza asifae leo. Ameondokewa na mtoto, amefilisika, ndoa imevunjika, ameanza kunywa gongo asubuhi, anaongea na watu wasioonekana. Hapa nia iwe kuiondoa bunduki nyumbani kwa muda, bila kumvunjia mtu heshima. Jaribio la kujiua kwa bunduki humuua mtu karibu mara 9 kati ya 10, wakati wengi wanaopona majaribio ya njia nyingine hawafi kwa kujiua baadaye. Kumsogezea mbali silaha kwa majuma machache humpa nafasi ya kuuvuka usiku ule mbaya.

Aanze mtu anayemheshimu: kaka mkubwa, sheikh, padri, mtani wake. Amwambie wazi, "Ndugu yangu, mzigo ulio nao ni mzito. Twende wote kituoni tukaihifadhi ile bunduki mpaka utulie, itakuwa bado ni yako." Kituoni idai stakabadhi yenye aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi, tarehe, na jina na namba ya askari aliyepokea. Bila stakabadhi msiondoke, maana ndiyo itakayoirudisha. Kisha apelekwe kwa daktari, hospitali ya Kitete mjini Tabora au hospitali ya wilaya, si kwa mtu wa kumwambia nani kamroga.

Akikataa na ametishia, usijaribu kumnyang'anya na usiwaite sungusungu wamzingire. Mishale na marungu mbele ya bunduki huzaa misiba miwili. Waondoe mke na watoto kwanza, wasibebe vitu, kisha piga 112 au simu ya mkaguzi wa kata, useme mambo manne: silaha gani, risasi ngapi unazojua, yuko wapi ndani ya nyumba, ametamka nini. Mke aende Dawati la Jinsia na Watoto na aombe tishio la bunduki liandikwe kama lilivyotamkwa, kwa sababu ndilo litakalotumika kuomba leseni isimamishwe.

Kuuza, kufiwa, na gobore la babu

Hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti inatosha kwa baiskeli au ng'ombe. Kwa bunduki haina nguvu. Mnunuzi apitie maombi yake mwenyewe toka mwanzo, na silaha ihamishwe kwenye daftari la Polisi kabla haijahama mkononi. Ukiikabidhi kabla, wewe umegawa silaha na yeye anamiliki bila leseni, kosa ambalo kwa kawaida hufikishwa mahakamani kama uhujumu uchumi.

Mwenye leseni akifariki, leseni imekufa naye. Asiyekuwa na leseni asifungue kabati. Msiba ukiwa bado matanga, mtu mmoja amjulishe mtendaji, Polisi waje waichukue kwa stakabadhi. Nyumba ya msiba ina wageni wengi na ufunguo wa marehemu uko kwenye nguo zinazogawiwa. Mrithi anayeitaka aombe kama mwombaji mpya, hata kama msimamizi wa mirathi amemwandika.

Na lile gobore lililokutwa kihengeni au darini, ambalo hakuna anayejua lina kitu au halina? Usilishindilie, usilipige kitako chini, usilipakie bodaboda kulipeleka mjini. Liache palepale, watoto watoke, mpigie mtendaji au mkaguzi wa kata aje na askari. Karibu kila mwaka Polisi hutangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari kuanzia Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa msamaha huo, na anayesalimisha ndani ya muda uliotangazwa hashtakiwi kwa kulimiliki. Silaha hupokelewa kituo cha Polisi au ofisi ya serikali ya kijiji, lakini gobore la namna hii libebwe na askari. Aliyelikuta awe na shahidi mmoja askari wanapofika, aseme lilipokutwa na lini, na aombe jina lake na maelezo hayo yaandikwe kabla gobore halijaondolewa kwenye nyumba.